Wamenikata depoziti kwa ukungu wa nyumba yao

Imeli ya ajenti wa nyumba tuliyohama iliingia saa kumi jioni natoka shifti, nimesimama kituo cha basi hapa Leeds, naifungua nikijua wananiambia hela yangu imeshatumwa. Kumbe ni orodha. Usafi pauni 180. Kuondoa ukungu na kupaka rangi chumba cha kulala pauni 430. Yaani kwenye depoziti yangu ya pauni 865 nibakiwe na 255, na chini ajenti kaandika kwamba ukungu umetokana na namna ya maisha ya mpangaji, anapika kwa mvuke mwingi na anaanika nguo ndani. Hiyo namna ya maisha ndo iliniuma kuliko hela yenyewe, na hela yenyewe zidisheni wenyewe kwa bei ya pauni mjue mtu wa Mwanga, kwetu Kigoma, angekaa miezi mingapi chumba na sebule.

Maisha gani sasa? Tuko watatu, mimi, mke wangu na mtoto wa miaka minne. Tunapika wali na maharage, na samaki wetu wa ziwani, migebuka mikavu, akitokea mtu wa kutubebea kutoka nyumbani. Nguo tunaanika ndani kwa sababu Januari huku nje hakuna kinachokauka, na mkataba wao wenyewe umekataza kuanika dirishani.

Ukungu tuliukuta. Tulihamia Septemba 2023 ukuta wa chini ya dirisha unanukia rangi mpya, mimi nikashukuru kabisa nikasema mwenye nyumba huyu anajali. Kufika Desemba vidoa vyeusi vikaanza kuchungulia kama masizi ya sufuria, unasugua na dawa vinaisha, wiki mbili vimerudi vimeongeza na jirani zao. Kanzu ya mwanangu, alishonewa na bibi yake kule Ujiji, tuliitundika nyuma ya kabati. Siku ya Idi tunaitoa, kola yote ina madoa ya kijani, mabegani ukiinusa harufu ya pango. Mke wangu aliifua mara tatu, doa liko palepale. Yule mtoto alienda kuswali Idi na sweta.

Nikapiga simu kwa ajenti, akaniambia fungua madirisha. Nikapiga tena, akasema washa hita. Fungua dirisha na uwashe hita kwa wakati mmoja, na umeme na gesi nalipa mimi! Na hapo ndo nilipokosea, nilikuwa napiga simu. Simu haina ushahidi ndugu zangu.

Msidhani ukungu huku ni jambo dogo la uchafu wa ukuta. Desemba 2020 kule Rochdale, si mbali na hapa, alifariki mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, na mahakama ya uchunguzi ikasema mwaka 2022 kwamba ni kwa sababu ya kukaa muda mrefu kwenye nyumba yenye ukungu. Baba yake alikuwa amelalamika miaka. Alikuwa mgeni nchi hii kama mimi, na wao waliambiwa mambo ya namna ya kuishi hivihivi. Sasa kuna sheria inabeba jina la mtoto yule, imeanza Oktoba 2025, inambana mwenye nyumba ashughulikie ukungu wa hatari kwa siku zinazohesabika, ila imeanza na nyumba za halmashauri na mashirika ya nyumba. Sisi wa nyumba za watu binafsi bado tunasubiri zamu yetu. Kila nilipomsikia mwanangu anakohoa usiku nilikuwa namfikiria yule mtoto, sina maneno mengine.

Aliyeniokoa ni jirani wa chini, mama mmoja wa Kijamaika, ana miaka zaidi ya sabini, mimi namwita Mama na yeye ananiita son. Alinisikia naongea na simu kwenye ngazi nimepandisha sauti. Akaniita ndani, akatoa boksi la viatu limejaa barua zake na wenye nyumba wote aliopanga kwao, zimefungwa kwa mipira kila mwaka na mpira wake. Akaniambia kuanzia leo usipige simu, andika, na mwisho wa kila barua uulize swali ili wakose pa kukimbilia. Siku tunahama alipanda ngazi na magoti yake yale mabovu, akasimama jikoni akanielekeza nipige picha: mita ya umeme namba zisomeke, ndani ya oveni, nyuma ya choo, chini ya kapeti kwenye kona, halafu dirisha likiwa limefungwa ili ionekane maji yanavyotiririka kwenye kioo kwa ndani. Picha sitini na kitu. Mtu hatujuani, hatuna dini moja wala kabila, na alikataa hata soda.

Sasa sikilizeni mnaotaka kuja, hasa mnaokuja England maana Scotland na Wales wana sheria zao. Depoziti ni hela YAKO mpaka mwenye nyumba athibitishe vinginevyo. Haitakiwi kuzidi kodi ya wiki tano kama kodi ya mwaka haijafika pauni 50,000, na ndani ya siku 30 lazima iwe imewekwa kwenye mojawapo ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa na serikali na wewe upewe karatasi zake. Asipofanya hivyo unaweza kumpeleka mahakamani akaamriwa kukulipa mara moja mpaka mara tatu ya depoziti. Mkibishana mwisho wa mkataba mfuko una msuluhishi, bure, na mwenye nyumba ndo anatakiwa alete ushahidi, na uchakavu wa kawaida haukatwi. Na ile tabia ya kumdai mgeni kodi ya miezi sita mbele kwa kuwa hana mdhamini, mimi ilinikuta nikahisi niko kwa dalali wa Mwanga, sheria mpya inaikomesha kuanzia 1 Mei 2026, mwisho mwezi mmoja tu, na kumtoa mpangaji bila sababu nako kunaisha siku hiyohiyo. Halafu tafadhali, usitume hela ya nyumba uliyoiona kwenye picha za mtandaoni kabla hujaingia ndani yake. Na ukipokewa na mtu wa kwetu akakupangishia chumba kwa maneno matupu, shukuru, lakini tafuta pako haraka. Mimi mwaka wa kwanza nilitolewa saa mbili usiku na mtu tuliyekuwa tunakula sahani moja, sina karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba nilikuwa naishi pale.

Basi nikapeleka kwa msuluhishi. Picha, imeli zangu kumi na moja, na ripoti yao wenyewe ya siku tunahamia iliyoandikwa ukuta wa dirishani umepakwa rangi karibuni. Wiki iliyopita jibu limekuja: pauni 45 za oveni nimekatwa, na ni kweli oveni haikuwa safi nakubali. Nyingine zote 820 zimerudi. Nililia kwenye basi jamani.

Nikampigia mama Ujiji kumpa habari njema. Pale uani tuna vyumba vitatu vya kupangisha, nilivijenga kwa hela za huku, na ndo vinavyomlisha mama. Mambo yake mnayajua, mita moja ya umeme ya LUKU familia nne, huyu ana friji yule ana pasi, kila wiki mama ni hakimu. Kuna aliyehama usiku na kodi ya miezi minne, mwenyekiti wa mtaa akatusaidia akapatikana Gungu, analipa kidogokidogo mpaka leo. Kwa hiyo siwezi kusema wenye nyumba wote ni wabaya, mama yangu ni mwenye nyumba.

Mama akanipongeza, akaomba dua, kisha akasema afadhali na wewe umepata haki yako baba, maana huyu binti wa chumba cha mwisho ananisumbua na lile bati. Nikauliza bati gani. Akasema si lile nilikwambia Novemba, linavuja juu ya kitanda cha mtoto, ukasema avumilie kwanza mpaka upate hela.

Nilikaa kimya mpaka mama akadhani mtandao umekata. Nilisema hivyo. Nakumbuka hata nilipokuwa, kituo kilekile cha basi, na nilisema kwa haraka kwa sababu shifti ilikuwa inaanza. Mvua zote tangu Novemba yule mtoto amelala chini ya bati linalovuja, na mimi wiki zilezile nilikuwa nawaandikia wazungu barua ndefu kuhusu kifua cha mwanangu.

Juzi nimetuma hela ya bati nane, geji 28, na mbao mbili zilizooza. Fundi alipanda jana asubuhi. Nimemwomba mama pia anunue daftari kubwa, kila chumba kiwe na kurasa zake, kilivyokuwa mpangaji anaingia, nini kibovu, kimeripotiwa lini, na wote wawili wasaini. Mama hajapenda, anasema hawezi kuandikishana na watoto wa watu kama yuko polisi, miaka yote wamekaa kwa kuaminiana. Tumebishana nusu saa. Yule binti ndo alichukua simu mwishoni akanisalimia, shikamoo kaka, akasema daftari yeye atanunua mwenyewe, kuna tarehe anazikumbuka anataka aziandike.