Diploma ya Kuogelea

Jumamosi iliyopita niliketi kwenye benchi kando ya bwawa la kuogelea hapa Utrecht, miguu yangu ikiwa ndani ya vile vifuko vya plastiki vya buluu ambavyo kila mzazi hulazimika kuvivaa juu ya viatu, nikimtazama binti yangu wa miaka 7 akijitupa majini akiwa na suruali, fulana na raba. Ndivyo wanavyotaka Waholanzi: mtoto hapewi diploma A mpaka aonyeshe kwamba akitumbukia mferejini na nguo zake atajitoa mwenyewe. Kisha hushushwa turubai lenye tundu, na kila mtoto hupaswa kupiga mbizi, kulitafuta lile tundu chini ya maji na kulipenya. Wangu alilipenya mara ya kwanza. Alipokuja kwangu, maji yakimtiririka puani, hakuniuliza kama nimemwona. Aliuliza, "Mama, wewe diploma yako uliipata lini?"

Nilimjibu kwamba mimi ninayo kadi.

"Ya kuogelea?"

"Ya kuzamia."

Akaridhika na kwenda kutafuta taulo. Mimi sikuridhika, kwa sababu hapo hapo nilianza kuhisi chumvi nyuma ya pua, chumvi ya kisiwa cha Bonaire, ambayo nilidhani imekwisha kunitoka zamani.

Ilikuwa Novemba 2016, na tulikuwa watano, kundi la marafiki: shoga yangu mkunga, mzaliwa wa Nyeri; mumewe Mholanzi; kaka yetu wa Bukavu aliyetokea Brussels; yule dada wa Kisumu, enzi hizo akiwa bado hajaacha sigara; na mimi wa Pangani. Nilipompigia mama simu kumweleza kwamba ninakwenda kuzamia wiki nzima katika kisiwa cha Karibi, alinyamaza kwanza, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejizuia kulia, "Mwanangu, si Ulaya ulishafika? Sasa unazamia kwenda wapi tena?" Ilinichukua muda kumfafanulia kwamba sikusudii kujificha ndani ya meli ya mtu, kwamba ni kushuka chini ya maji na mtungi wa hewa mgongoni ili kutazama samaki, na kwamba ninalipia mwenyewe kwa hiari yangu. Hilo la kulipia ndilo lililomstaajabisha kuliko yote.

Tatizo lilianzia kwenye kundi, ambalo lilinihesabu mimi kuwa ndiye mwenyeji wa bahari. Wengine walikuwa watu wa milimani na wa maziwa. Mimi nilizaliwa mahali ambapo mto unaingia Bahari ya Hindi na madirisha yote ya nyumba yetu yalikuwa yameliwa na chumvi. "Weye uko mutu ya bahari," kaka wa Bukavu aliniambia tukiwa bado uwanja wa ndege wa Amsterdam, "sisi tutakufuata tu." Nilicheka na sikumsahihisha. Ningemweleza nini? Kwamba bahari yangu ilinifika kiunoni? Sisi wasichana tuliingia majini tukiwa tumejifunga kanga, wawili wawili, kutanda uduvi, tukirudi nyuma kila wimbi lilipozidi kimo. Waliokwenda kuogelea na kurukia maji kutoka kwenye mashua walikuwa wavulana. Maji ya kifuu, bahari ya chungu, na mimi chungu huyo nilikuwa nimejijengea sifa ya nyangumi.

Kadi ya uzamiaji nilikuwa nayo kihalali, au karibu kihalali. Niliisomea katika bwawa la ndani wakati wa baridi, kisha nikazama mara nne huko Zeeland, jimbo la pwani la Uholanzi, katika maji ya kijani yenye baridi ya kuuma meno, ambamo niliona mkono wangu na zaidi ya hapo nikaona kidogo sana. Zoezi moja tu lilinishinda, nalo ni lile la kuijaza maji miwani ya kuzamia, ile kubwa inayofunika macho na pua, na kuyatoa maji hayo ukiwa chini: unainua uso, unaikandamiza miwani kwa juu, unatoa pumzi puani, na maji yanasukumwa nje kwa chini. Watoto hulifanya. Mimi kila maji yalipogusa pua nilipanda juu kama chupa tupu. Siku ya mwisho nililipita kwa kufumba macho na kuhesabu hadi nane, na mwalimu, sijui kwa huruma au kwa uchovu, akatia saini.

Bonaire ni kisiwa kikavu chenye mdungusi, mbuzi na punda wanaozurura barabarani, karibu kabisa na Venezuela. Tangu Oktoba 2010 ni sehemu ya Uholanzi kisheria, ingawa pesa yake ni dola ya Marekani. Bahari yote inayokizunguka ni hifadhi tangu mwaka 1979, na mgeni haruhusiwi kuanza kuzama ovyo: hulipa ada, huelezwa masharti, kisha huzama mara moja kwa majaribio. Glovu zimekatazwa, ili mtu asishawishike kushikashika matumbawe. Kinachowavuta wazamiaji ni kwamba boti si lazima. Mwamba wa matumbawe uko hatua chache kutoka ufukweni, kwa hiyo watu hukodi pikapu, hupakia mitungi nyuma, huendesha kando ya bahari mpaka waone jiwe lililopakwa rangi ya manjano na kuandikwa jina la mahali, hapo hapo huegesha, huvaa na kuingia majini. Tuliambiwa pia tusiache kitu chochote cha thamani ndani ya gari, jambo lililotufanya tujisikie nyumbani.

Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri kupita nilivyostahili. Asubuhi tulikunywa kahawa Kralendijk, mji mkuu wa kisiwa, tukiwasikiliza watu wakizungumza Kipapiamentu, lugha ya huko, na nilipogundua kwamba kwao meza ni *mesa* na bendera ni *bandera*, nilihisi Mreno aliyetupitia sisi alifika na huku pia, akaangusha maneno yale yale mezani. Tulishuka ngazi za 1000 Steps, ambazo hazifiki hata mia, isipokuwa wakati wa kuzipanda na mtungi mgongoni. Wenzangu walikwenda kuitazama Hilma Hooker, meli iliyokamatwa na shehena ya bangi na kuzama Septemba 1984, ambayo sasa imelala ubavu katika kina cha mita 30 hivi. Mimi nilisingizia sikio na kubaki kwenye pikapu nikila embe. Shoga yangu aliniangalia tu. Hakusema kitu.

Siku ya nne tulielekea kusini, kwenye gati la kupakilia chumvi. Njia yenyewe inapita kando ya mabwawa ya kuvukizia maji ya bahari, yenye rangi ya waridi kabisa, na vilima vya chumvi vyeupe vilivyopangwa kama theluji iliyopotea njia. Ukiendelea mbele kidogo unavikuta vibanda vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya watumwa waliochimba chumvi hiyo, vyenye milango mifupi ambayo mtu mzima haingii ila kwa kutambaa. Waliachiwa huru mwaka 1863. Mholanzi wetu alipunguza mwendo, akazima redio. Na mimi sikuwa na la kumwambia, kwa sababu misafara iliyotoka bara ikiwa na pembe na watu ilikuwa ikiishia Pangani, na sijawahi kuuliza nyumbani kwetu tulisimama upande gani wa kamba.

Kwenye gati hairuhusiwi kuzama meli ikiwa imetia nanga, lakini siku hiyo hapakuwa na meli. Tulivalia ufukweni, tukisaidiana kufunga mikanda ya risasi, yaani ile madini nzito, si ile nyingine, ingawa kaka wa Bukavu hakuacha kutamka kwamba kwao mtu akivaa mkanda wa risasi haendi kutazama samaki. Tukaingia. Chini ya gati nguzo za chuma zimeshuka kwa makundi, na kila nguzo imevishwa sponji za rangi ya machungwa na zambarau na matumbawe laini, na jua linapita katikati yake kwa mistari kama linavyopita kwenye makuti. Samaki wa manjano walisimama kwa mamia kwenye kivuli, wote wameelekea upande mmoja. Nakumbuka niliwaza kwamba labda kweli mimi ni mtu wa bahari.

Ndipo pezi la mguuni la kaka wa Bukavu lilipogeuka ghafla na kunipiga usoni.

Hakujua, na hadi leo hajui. Miwani ilisogea upande mmoja na maji yakajaa yote kwa mara moja, machoni na puani, na ile chumvi ikapanda mpaka nyuma ya kichwa. Tulikuwa mita 12. Nilijua, kwa kichwa, kwamba kinywani nilikuwa na kipumulio kinachofanya kazi na mgongoni nusu mtungi wa hewa. Nilijua kwamba katika kina hicho hewa imebanwa zaidi ya mara mbili ya ilivyo juu, na kwamba anayepanda mbio huku ameshikilia pumzi huipa nafasi ya kutanuka ndani ya mapafu yake mpaka yapasuke. Hayo yote niliyajibu vizuri kwenye mtihani. Lakini mwili haukufanya mtihani. Niliinua dole gumba, ishara ambayo nchi kavu ni ya kusema mambo safi na chini ya maji ni ya kusema napanda, nikaanza kupiga miguu.

Kitu kilinishika kwenye mkanda wa kifuani. Nilikuwa nimefumbua macho ndani ya maji na sikuona ila kivuli cheusi na mapovu, lakini mkono niliutambua kabla ya kumwona mwenyewe, kwa sababu wa pili ulikuja na kukikandamiza kipumulio kwenye midomo yangu ili nisikiteme, kwa nguvu, bila upole wowote. Kisha ule wa kwanza ukaniachia mkanda kidogo na kuanza kunigonga chini ya koo, polepole, kwa vidole viwili. Ta. Ta. Ta. Sikuelewa mara moja. Nilipumua kama mbwa aliyekimbizwa na yeye hakuharakisha, aligonga kwa mwendo wake ule ule, kama mtu mwenye usiku kucha mbele yake, mpaka pumzi yangu, yenyewe, bila mimi kuamua, ikaanza kumfuata. Vuta kwenye pigo moja, toa kwenye matatu. Wangapi amewafanyia hivyo, vyumbani mwa kujifungulia, sijui. Sikujua muda umekwenda kiasi gani. Baadaye saa yangu ya kuzamia ilionyesha kwamba kuanzia pale nilipoanza kupanda hadi tulipotulia zilipita dakika mbili na kidogo, lakini mimi nimeshaishi miaka ambayo ilikuwa mifupi kuliko hizo.

Alipohisi nimetulia alinishika kidevu akakiinua. Nilikandamiza miwani kwa juu. Nilitoa pumzi puani. Maji yalishuka kama pazia, kwanza kwenye nyusi, kisha kwenye macho, na wa kwanza kumwona hakuwa yeye bali samaki mmoja mwembamba, mrefu kama mkono, aliyesimama wima kando ya nguzo kichwa kikiwa chini, ametulia tuli, akijifanya tawi. Alikuwapo muda wote. Baada ya huyo samaki ndipo nilipoyaona macho ya shoga yangu, makubwa ndani ya miwani yake, yakiniuliza. Nilikunja dole gumba na cha shahada kufanya duara: salama. Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha naye akafanya duara.

Tulipanda taratibu, tukasimama mita 5 kwa dakika tatu kama inavyotakiwa, tukining'inia kando ya nguzo bila kutazamana. Ufukweni wengine walikuwa wamekwisha kuvua suti na wanabishana kuhusu kasa. "Miwani yangu inavuja," nilisema kwa sauti ya kutosha kusikiwa na wote. "Hii ya kukodi ni mbovu."

"Tutaibadilisha," shoga yangu alisema.

Na kweli jioni hiyo aliichukua, akaingia nayo dukani, akasimama mbele ya kijana wa kaunta ambaye hakuwa na kosa lolote, na kumweleza kwa Kiholanzi kilichonyooka kwamba haiwezekani mtu kupewa kifaa kama kile, mpaka akatoka na nyingine mpya. Niliivaa siku mbili zilizobaki. Haikuwa na tofauti yoyote na ile ya kwanza. Nilizama nayo mara tatu, yeye akiwa kila mara upande wangu wa kushoto, karibu kiasi cha kunigusa, na hakuna kilichotokea.

Mwaka uliofuata walihamia Kenya. Tumeandikiana mengi tangu wakati huo, ya watoto, ya misiba, ya bei ya viwanja, lakini hilo halijawahi kutajwa, na nimeshindwa kujua kama alinistahi au alisahau tu, kwa sababu kwake labda ilikuwa kazi ya dakika mbili kama nyingine nyingi. Jumamosi jioni, diploma ya binti yangu ikiwa imekwisha kubandikwa kwenye friji, niliketi ukingoni mwa beseni la kuogea na kumwandikia: "Unaikumbuka ile miwani ya Bonaire?"

Alama mbili za buluu zilitokea upesi. Akawa anaandika, akaacha, akaandika tena.

"Ipi?" alijibu. "Ile nzima?"

Sijamjibu bado. Raba za mtoto zilichuruzika juu ya bomba mpaka Jumatatu.