Folda tupu imemaliza kazi

Leo hapa Mtwara mjini, kompyuta ya ghala la korosho ilijaa pomoni. Picha za stakabadhi za misimu iliyopita, faili ndogondogo chungu nzima. Nakala zipo kwenye diski ya nje, kwa hiyo ruksa kufuta.

Skripti yangu ya kufuta (faili la amri) ikawa inajikongoja. Kila faili likifutwa, jina lake linaandikwa kwenye skrini. Mstari, mstari, mstari.

Nikatengeneza folda tupu, nikaiagiza robocopy (programu ya Windows ya kunakili mafaili) kwa /MIR iifananishe ile nzito na hii tupu, na /NFL /NDL isitaje majina.

Ikafyeka! Karani: “Kaka, tayari? Chai yangu bado ya moto!”

Jamani nimefurahi.

Ila /MIR haiulizi kabla ya kufuta, kagueni anwani ya folda kwanza.

Wa Linux, mnatumia rsync --delete au nini? Semeni.