Siku moja maishani mwangu: makaratasi ya watu, Gulfton, Houston

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Ujumbe wa kwanza umeingia nikiwa bado natia tangawizi kwenye chai ya rangi. Familia ninazozihudumia haziandiki sana. Hutuma sauti kwa WhatsApp. Sauti ya alfajiri hii ni ya baba mmoja kutoka El Salvador, anayeniuliza kwa Kihispania, taratibu kama mtu asiyetaka kuwaamsha watoto, iwapo karatasi aliyoikuta mlangoni jana usiku ni ya kufukuzwa nyumba. Ameipiga picha, na picha yenyewe imelala upande. Naigeuza na kuisoma: Alhamisi watakuja watu wa kupulizia dawa ya mende, hivyo wapangaji wote wanatakiwa kutoa vyombo kabatini. Usiku mzima hakulala kwa ajili ya mende.

Nilizaliwa Kigoma, na kazi yangu ya kwanza hapa Houston ilikuwa kuwatafsiria Wakongo na Warundi waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kihispania sikukisomea chuoni. Nilikipata katika chumba cha kufulia mashuka cha hoteli, nikikunja upande huu wa shuka na mama wa Honduras akikunja upande ule, kwa muda wa miaka mitatu. Sasa ni mhudumu wa familia katika ofisi ndogo ya jamii, na walio wengi kati ya wanaoingia mlangoni kwetu ni wahamiaji wa Kilatino. Mtu akiniuliza kazi hiyo ni nini hasa, humjibu kwamba ni kusoma makaratasi. Wao husema papeles, nasi tulio ughaibuni husema makaratasi, na maneno yote mawili yamebeba maana zilezile mbili, yaani karatasi yoyote iliyoandikwa, na ile ruhusa ya kuishi nchini ambayo fulani anayo na fulani hana.

Saa nazihesabu kwa desturi yetu. Ofisini siku hizi najihadhari, kwa kuwa mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mama mmoja aje saa nne, akaja saa nne yao, jua la alasiri likiwa limeshakolea, na nafasi yake ilikuwa imekwenda kwa mwingine.

Saa mbili asubuhi

Nashuka basi Bellaire Boulevard na kuingia Gulfton kwa miguu. Majengo ya hapa mengi yalijengwa wakati wa neema ya mafuta, miaka ya 1970, kwa ajili ya vijana wasio na familia waliomiminika Houston kutafuta kazi. Bei ya mafuta ilipoanguka katika miaka ya 1980, vyumba vilibaki vitupu, wenye nyumba wakashusha kodi, na waliovijaza ni watu waliokimbia Amerika ya Kati, hasa vita vya El Salvador vilivyoanza mwaka 1980 na kumalizika mwaka 1992. Chumba kilichokusudiwa kijana mmoja leo kinalaza watu sita, na mkataba wa pango una jina la mmoja wao tu. Jambo hilo la jina moja kwenye mkataba ni dogo kulisikia, lakini litanirudia kabla ya adhuhuri, kama linavyonirudia karibu kila siku.

Kwa mama muuza tamales, yaani unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke, nanunua mbili, zile za Amerika ya Kati zinazofungwa kwa jani la mgomba, na kuzitia mkobani.

Saa tatu asubuhi

Wa kwanza ni mume na mke kutoka Honduras. Wananiita licenciada, na kila mara namrudisha mtu kwenye jina langu, si kwa unyenyekevu, bali kwa sababu neno hilo kwao ni la kumwita mtu msomi, aghalabu mwanasheria, nami si mwanasheria. Kwetu ofisini kosa la jina limeshawaponza watu wengi mno.

Hawa wawili ni miongoni mwao. Mwaka jana waliingia katika ofisi moja yenye neno notario kwenye kioo. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini, notario ni mwanasheria aliyebobea na kupewa mamlaka ya kuandaa hati nzito. Hapa Marekani, mwenye cheo kinachofanana na hicho kwa jina ni mtu aliyejaza fomu, akalipa ada na kupewa muhuri wa kushuhudia sahihi za watu, basi. Sheria ya Texas inamkataza mtu wa namna hiyo kujitangaza kwa neno hilo la Kihispania, lakini kioo hakijui kusoma sheria. Waliambiwa kwamba watatengenezewa kibali cha kufanya kazi, wakalipa kwa mafungu, wakatia sahihi kurasa za Kiingereza ambazo hakuna aliyewasomea. Walichotilia sahihi kilikuwa ombi la hifadhi ya ukimbizi, lenye simulizi ambayo mke, nilipomsomea leo kwa Kihispania, alisema kwamba haijui.

Naingiza namba yao ya uhamiaji katika mfumo wa mahakama, na tarehe ya kusikilizwa inatokea. Iko mbele bado, tunashusha pumzi. Kisha nauliza swali ambalo nimejifunza kutolisahau: tangu siku ile mmehama? Wamehama mara mbili. Anayehama akiwa na kesi anatakiwa kuijulisha mahakama ya uhamiaji ndani ya siku 5 za kazi, kwa fomu yake maalumu, na kuijulisha idara ya uhamiaji yenyewe ndani ya siku 10 kwa fomu nyingine, kwa maana ofisi hizo mbili haziambizani. Asiyefanya hivyo barua zake huenda nyumba ya zamani, naye huweza kuamriwa kuondoka nchini bila kuwapo mahakamani. Tunazijaza zote mbili kwa kalamu nyeusi. Mengine yote namwachia mwenzangu wa meza ya pili, ambaye ameidhinishwa na Wizara ya Sheria kuwawakilisha wahamiaji ingawa si wakili. Mahakama ya uhamiaji haimpangii mtu wakili wa kulipwa na serikali, hata awe mtoto, na mwenzangu huyo ana majalada mengi kuliko siku za mwaka.

Saa tano asubuhi

Jina moja kwenye mkataba limerudi. Mama kutoka Guatemala analala na watoto wawili sebuleni kwa dada yake, na shule imemrudisha kwa kuwa hana bili ya umeme wala mkataba wenye jina lake. Amekwisha kuamua kwamba sababu halisi ni makaratasi yale mengine, na kwamba afadhali asirudi.

Namweleza kisa cha Texas yenyewe. Mwaka 1975 jimbo hili lilipitisha sheria ya kuzinyima shule fedha za watoto wasio na hadhi ya uhamiaji, na mji wa Tyler ukaanza kudai dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa namna hiyo. Wazazi wachache walishtaki, wakafika mahakamani alfajiri wakiwa wamepakia vitu vyao garini, maana walidhani watakamatwa hapohapo. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, majaji 5 dhidi ya 4 wa Mahakama Kuu ya Marekani waliamua kwamba mtoto hawezi kufungiwa mlango wa shule ya umma kwa sababu hiyo. Tena kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inayohusu watoto wasio na makazi, na mtoto anayelala kwa jamaa kwa sababu wazazi wameshindwa kodi anahesabiwa humo. Shule inatakiwa kumpokea mara moja, vyeti vifuate baadaye.

Napiga simu shuleni. Sauti ya dawatini ni ya upole lakini haijui sheria hiyo, kwa hiyo namwomba aniunganishe na mtu wa wilaya ya shule anayeshughulikia watoto hao, maana kila wilaya lazima iwe naye. Dakika 40 baadaye mama ameambiwa aje Jumatatu. Karani anauliza jina la mtoto, nami namtajia majina manne, mawili ya kuzaliwa, moja la ukoo wa baba na moja la ukoo wa mama, na namwomba asilikate la mwisho. Atalikata. Mwaka ujao cheti cha kuzaliwa na rekodi ya chanjo vitakuwa na majina mawili tofauti, nao watarudi hapa.

Saa saba mchana

Nilikuwa nimefungua tamale ya kwanza alipoingia mwanamke kijana, mjamzito, akiongozwa na mtoto wa kiume wa miaka 10 hivi, mpwa wake. Mkononi ana karatasi za kliniki. Mtoto anaongea Kihispania na Kiingereza kwa kasi, na kila ninachouliza anamgeukia shangazi, naye anaitikia kwa kichwa na kusema sí, yaani ndiyo.

Ile sí naijua. Nimeisikia kwa Kiswahili. Miaka ile nilipokuwa mkalimani, niliitwa hospitali kwa ajili ya bibi mmoja Mkongo kwa kuwa kwenye faili lake waliandika kwamba anasema Kiswahili, na kila nililomuuliza akajibu ndiyo, ndiyo, mpaka nilipomuuliza kama yeye ni mwanamume, akasema ndiyo. Alikuwa Mbembe wa milimani, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Tangu siku ile siulizi maswali ya ndiyo na hapana. Namwambia huyu dada kwa Kihispania cha polepole anionyeshe kwa mkono ni wapi panapomuuma, naye anaangalia ukuta.

Guatemala ina lugha zaidi ya 20 za Kimaya, na kwa wengi wa vijijini Kihispania ni lugha ya pili au hakipo kabisa. Namuuliza mtoto wanatoka manispaa gani, anasema Todos Santos. Basi ni Kimam, tena Kimam cha Huehuetenango, na hilo lazima mkalimani wa simu aambiwe, kwa kuwa Kimam cha San Marcos kinamchanganya. Tunasubiri dakika 25. Sauti ya kike inapotokea kwenye spika na kumsalimu kwa lugha yake, dada yule anainua uso, anavuta kiti mpaka kwenye meza, na kuongea bila kituo kwa dakika kadhaa. Mtoto namtuma kwenye kona ya vitabu. Karatasi ile ilihusu sukari ya ujauzito, na maelezo yake alipewa kwa kinywa cha mtoto wa darasa la nne. Sheria hairuhusu hospitali kumtegemea mtoto kuwa mkalimani isipokuwa kwa dharura, lakini mtoto yupo na mkalimani hayupo, na foleni ni ndefu.

Kabla hajaondoka tunajaza ombi la bima ya Texas ya mtoto aliye tumboni, ambayo haiangalii hadhi ya mama, na ombi la WIC la chakula cha wajawazito na watoto wadogo, ambalo nalo haliulizi. Anauliza, kupitia spika, kama serikali itamwandika kuwa mzigo, yaani mtu anayetegemea misaada yake, na baadaye kumnyima ukazi wa kudumu. Swali hili halijaisha tangu mwaka 2019, kanuni ile ilipopanuliwa na kuwatisha watu wengi kuliko iliowagusa. Iliondolewa Machi 2021, hofu ikabaki.

Saa tisa alasiri

Fundi wa kuezeka mapaa hakulipwa wiki mbili. Sheria ya mishahara inamlinda mfanyakazi bila kuuliza makaratasi yake, lakini madai hapa Texas lazima yafike ndani ya siku 180 tangu siku aliyostahili kulipwa. Yeye hana risiti wala jina kamili la mkandarasi. Ana picha 61 za mapaa, kila moja na tarehe yake, kwa kuwa humtumia mama yake, na katika mojawapo gari la bosi limeonekana na namba yake. Tunahesabu: siku 143. Fomu imekwenda leo hii.

Saa kumi na mbili jioni

Tangu Januari 2025, serikali ilipofuta mwongozo uliowazuia maofisa wa uhamiaji kwa kiasi kikubwa kukamata watu shuleni, hospitalini na makanisani, mkutano wetu wa jioni umebadilika. Zamani tulifundisha kuweka akiba. Sasa tunajaza mpango wa dharura wa familia: nani atamchukua mtoto shuleni, dawa zake ni zipi, pasipoti yake iko wapi. Texas ina fomu ambayo kwayo mzazi humpa mtu mzima mwingine ruhusa ya kumtunza mwanawe shuleni na hospitalini, na si lazima awe ndugu wa damu. Inataka muhuri, kwa hiyo mwenye muhuri wa kweli, ambaye hajiiti notario, ameketi mwisho wa chumba na kukagua vitambulisho.

Mama mmoja Msalvador amejaza kila mahali isipokuwa jina la mlezi. Kalamu ameishika, wino umeacha nukta kwenye karatasi. Dada hana, shemeji naye hana makaratasi. Ameondoka na fomu.

Saa tatu usiku

Ujumbe wa sauti. Amepata mtu: jirani wa mlango unaotazamana na wake, Mkongo, mwenye makaratasi kamili, anayempa binti yake maandazi kila Jumamosi. Shida ni kwamba wao wawili hawana lugha, husalimiana kwa kucheka. Je, ningeweza kumwomba jirani huyo kwa niaba yake?

Nimempigia jirani huyo, nimejitambulisha, nikamweleza fomu yote, sehemu kwa sehemu, na nikamwambia kwamba ana haki ya kukataa. Alikaa kimya, nikasikia sufuria ikiteremshwa.

"Dada yangu, kambini niliishi miaka kumi na tisa," akasema. "Watoto ba bengine nimelea bengi. Mwambie alete iyo karatasi kesho." Kisha akanirudisha kidogo: "Uyu mutoto anakulaka pilipili?"