Kola ya viroboto ilivyomnyonyoa paka wangu shingo, na nilivyomrudisha

Paka wangu anaitwa Sato, jina alipewa na watoto maana siku ya kwanza tu kaletwa nyumbani kaiba kichwa cha sato jikoni akakimbilia nacho uvunguni. Tunakaa Kirumba hapa Mwanza, sio mbali na soko la samaki la Mwaloni, mi nauza dagaa, na anayeweka dagaa ndani bila paka anajua kinachompata, panya wanatoboa viroba usiku, asubuhi nusu imemwagika na nusu imekojolewa. Kwa hiyo mtu asinambie eti paka tu huyo katupe ziwani, Sato ni mfanyakazi jamani, tena halipwi.

Sasa masika yalipokolea viroboto wakamjaa. Ukimshika tu unawaona wanapita katikati ya manyoya, na mapajani kwa watoto vidoa vyekundu. Shemeji yangu akatoka safari na kiboksi mkononi, "shem, hii unamvalisha shingoni unasahau habari ya viroboto". Kola ya plastiki ya kijivu, ina kaunga keupe ukiigusa kanabaki kwenye vidole, harufu yake sebule nzima inajua kuna mgeni. Kwenye boksi picha ya mbwa na paka wamekaa pamoja wanacheka, maandishi lugha ambayo hapa kwetu hakuna wa kuisoma. Akamvalisha mwenyewe, na kweli viroboto wa kichwani na shingoni wakapungua, tukashukuru.

Baada ya muda nikaanza kuona Sato anasugua shingo kwenye mguu wa meza, anasugua mpaka meza inasogea, halafu anaingiza mguu wa nyuma ndani ya kola anavuta kama anataka kuivua. Jioni moja nikamweka mapajani nikaisogeza ile kola na kidole, manyoya yakatoka nayo. Yalibaki yamegandia ndani ya plastiki na ngozi chini yake nyekundu, ina majimaji, na pale kifungio cha kola kilipokuwa kinakaa pamechubuka kabisa pana kagaga keusi kamekauka. Shingo ikawa ya kuku kishingo. Na kilichonishangaza ni ule mstari wenyewe, umenyooka, upana uleule wa kola, juu manyoya mazuri chini manyoya mazuri, katikati upara. Nikachukua mkasi nikaikata palepale.

Hapo ndo ushauri ukaanza kuja, na Mwanza ushauri hauna bei. Mmoja akasema hiyo ni choa wahini watoto wasiambukizwe. Mwingine mpake mafuta ya taa. Kijana mmoja anatokea Magu huko kwao wana ng'ombe akasema dawa ya josho, unachanganya kidogo kwenye ndoo unamchovya, viroboto wote chali. Ya josho ndo iliyonitisha zaidi, maana mtaa wa pili kuna watu walimwogesha paka wao na dawa hiyohiyo ya ng'ombe asubuhi, mchana akaanza kutetemeka mdomo unatoa povu, jioni wakamzika. Bibi jirani yeye akasema kwa upole tu, mwanangu mpeleke kwa daktari wa mifugo. Nikambeba kwenye kikapu cha sokoni nimefunga na kanga juu, bodaboda akawa anacheka njia nzima.

Dokta hakukimbilia sindano, ndo nilimpendea hapo. Alimshika akaangalia shingo, halafu akamgeuza akaanza kupapasa mgongo kurudi mkiani, akanambia hebu weka vidole hapa. Karibu na shina la mkia nikasikia vipele vidogo vidogo vikavu, huvioni kwa macho maana manyoya yamefunika ila mkononi vinakwaruza. Akasema hapa kuna kesi mbili mama, usizichanganye. Ya shingoni ni ngozi imeikataa kola, ama dawa iliyomo ama plastiki yenyewe, na ilikuwa imebana, kola inatakiwa vidole viwili vipite chini yake bila kusukuma. Ya mgongoni ni mzio wa mate ya kiroboto, na mwenye mzio huo hata akiumwa na wachache tu anawashwa mwili mzima, kwa hiyo usiseme mbona simwoni hata kiroboto mmoja. Paka mwenyewe anawalamba anawameza, ushahidi anauficha.

Ushahidi alinionyesha hivi, na hii fanya nyumbani haina gharama. Chukua kitana cha chawa kile chenye meno yaliyokaribiana, chana mgongoni karibu na mkia, kung'uta kinachotoka juu ya karatasi nyeupe uliyoilowesha maji. Vile vipunje vyeusi vikianza kutoa rangi nyekundu ya kutu, ujue ni mavi ya kiroboto, maana ni damu ya paka iliyosagwa ikatoka. Uchafu wa kawaida unabaki mweusi tu. Ya Sato ilichora karatasi nzima.

Kuhusu choa aling'oa nywele pembeni ya upara akaziangalia kwenye hadubini, hakuona kitu. Akanambia choa ya paka mara nyingi inatokea kama mabaka usoni, masikioni, miguuni, nywele zinakatika katika, na kweli inaambukiza watu hasa watoto, kwa hiyo kuogopa sio ujinga, ila haichori mduara wa shingo kwa rula.

Nikamuuliza sasa kola zote mbaya? Akasema hapana, zipo nzuri, zipo zenye dawa za imidaklopridi na flumethrini za paka hasa zinafanya kazi miezi 7 hadi 8 na paka wengi wanavaa hawapati chochote. Shida ni kola ambayo hujui ndani ina nini, au ya mbwa ikavalishwa paka. Dawa nyingi za mbwa za kudondoshea mgongoni zina permethrini, mbwa anapona, paka anatetemeka anapata degedege anakufa, na hata paka akilala amejiegemeza kwa mbwa aliyetoka kupakwa anaweza kudhurika. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja baadhi ya vitu ambavyo la mbwa na la mtu linavunja. Ndo maana hata panadol usimpe, hata nusu kidonge inaweza kumuua, na hapo mi nikanyamaza maana njiani bodaboda alishanishauri panadol.

Matibabu ya shingo yalikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Alimnyoa kidogo pembezoni pakauke vizuri, akapasafisha, akamchoma sindano ya kupunguza muwasho na uvimbe, akanipa dawa ya kuosha kidonda, nikatakiwa kuosha kwa maji vuguvugu kwanza kutoa mabaki ya ule unga. Akakataza krimu za dukani za kuchanganya changanya, paka anajilamba anakula yote.

Kazi ilikuwa kumzuia kujikuna. Dokta alisema avae lile funeli la shingoni lakini alilokuwa nalo ni la mbwa mkubwa, Sato angeingia mzima. Nikarudi nyumbani nikatoa eksirei ya zamani ya mguu wa mzee, wa ajali ya pikipiki, nikaikata duara, nikaacha tundu katikati, makali yote nikayazungushia kitambaa laini, nikafunga na plasta. Paka anatembea ndani na mfupa wa babu shingoni. Watoto walicheka mpaka wakalia. Ila ilifanya kazi, kucha za nyuma hazikufika kwenye kidonda, na kula nilikuwa namvua nakaa naye mpaka amalize.

Sasa viroboto wenyewe, na hapa ndo nasema watu wengi tunaangukia, maana tunapambana na paka wakati vita iko sakafuni. Wale unaowaona mwilini kwa paka ni kama asilimia 5 tu ya walioko kwenye nyumba, waliobaki ni mayai na funza, yaani vitoto vya kiroboto, na vifuko vyao, wako kwenye mkeka, kwenye nyufa za simenti, chini ya viroba. Jike mmoja anataga mpaka mayai 40 au 50 kwa siku, hayashiki kwenye manyoya, yanadondoka popote paka anapolala. Funza akitoka anakimbia mwanga, anakula yale mavi ya damu yaliyodondoka, halafu anajifunga kifuko, na humo anaweza kukaa miezi akisubiri joto na mtikisiko wa mtu anayepita. Ndo maana unahamia nyumba iliyokaa tupu siku ya kwanza tu miguu inawaka. Kwenye nchi za baridi angalau kipupwe kinawapunguza, sisi huku ziwani joto lipo na unyevu upo, kwa wiki mbili tatu kizazi kingine kimeshatoka.

Mtu mwingine angepuliza dawa akafunga mlango, mi ningepuliza wapi na ndani kuna dagaa za watu? Chakula hicho, kinakwenda mpaka Congo. Kwa hiyo stoo sikuingiza sumu kabisa. Nilitoa viroba vyote nje nikavianika juani juu ya turubai, nikapata chaga za mbao kwa fundi nikaziweka chini, viroba vikarudi juu ya chaga vimeachana na ukuta, sasa fagio linapita chini na mwanga unaingia. Nilifagia kila siku nyufa kwa nyufa, zile taka sikuzitupa kwenye pipa la ndani, nilizichoma nje. Nyufa kubwa fundi akaziziba simenti. Mikeka, mito na gunia analolalia Sato, maji ya moto kabisa halafu jua kali la kwenye mawe. Nyumba yetu nyuma ina lile jiwe kubwa kama mnavyojua Mwanza, saa saba mchana hata kukanyaga huwezi, kitu kikianikwa pale kinakauka kweli.

Chumba cha kulala ambako hakuna dagaa ndo nilipulizia, dawa ya kunyunyiza sakafuni niliyoelekezwa na dokta, paka na watoto nje mpaka pakauka kabisa na madirisha yakawa wazi, harufu ikaisha ndo wakarudi.

Na kuna mtego mmoja wa kienyeji ulinifurahisha sana. Usiku unaweka sahani pana sakafuni, maji na sabuni ya kuoshea vyombo kidogo, juu yake unaning'iniza taa ndogo ya sola, taa nyingine zote unazima. Viroboto wanafuata mwanga na joto wanarukia, sabuni inawazamisha, maji matupu yangewabeba. Haimalizi nyumba, usidanganyike, lakini inakuambia wako wapi. Asubuhi sahani ya stoo ilikuwa na weusi wengi kuliko ya sebuleni, nikajua pa kuongeza nguvu, na sahani ilivyozidi kuwa safi ndo nilijua nashinda.

Kwa Sato mwenyewe baada ya shingo kukauka tulianza dawa ya kudondosha ya paka, yenye fipronili, kipimo cha kilo zake. Unapanua manyoya chini ya kisogo mpaka uone ngozi, unadondosha pale kwenye ngozi sio juu ya manyoya, pale hawezi kufikisha ulimi. Kila mwezi. Dokta alitaka ngozi ipone kwanza ndo dawa iwekwe, huiweki juu ya kidonda. Akampa na ya minyoo, maana paka akimeza kiroboto anameza na tegu, vile vipande vyeupe vinavyojongea karibu na mkundu wa paka vinatokea huko. Nilikuwa naviona kitambo nikidhani ni chakula kibovu.

Upara haukujaa kwa pamoja. Kwanza ngozi iliacha kuwa nyekundu ikawa ya kijivu, halafu pakatokea nywele fupi laini, ukipitisha kidole unazisikia kabla ya kuziona. Pale palipochubuka na kile kifungio zimeota nyeupe wakati Sato ni wa kijivu, dokta anasema huenda zikabaki hivyo, watoto wanasema kavaa cheni. Vipele vya mgongoni viliisha mapema zaidi, ila ukizembea mwezi mmoja wa dawa vinarudi na anaanza tena kujilamba mkiani.

Shemeji alipokuja tena nikamwonyesha ile kola niliyoikata na nywele zake zimegandia, akasikitika sana, akasema lakini kwa mbwa wa rafiki yake ilifanya kazi. Hiyo naamini kabisa shem.

Saa hizi kila Jumapili jioni namchana na kile kitana, nachovya kwenye kikombe cha maji ya sabuni, na bado napata mmoja mmoja. Nimefuatilia nikagundua mchana analala kwenye banda la mbuzi wa jirani, na viroboto hawa wa paka hawabagui, kwa mbuzi wanakaa, kwa ndama wanakaa, kwa mbwa wanakaa. Nilimfuata mwenye mbuzi nikamwambia tusafishe banda pamoja mi nachangia dawa, akakataa katakata, mbuzi wake hawana kiroboto hata mmoja. Nikamwambia basi baba, chukua mkeka ulale nao usiku mmoja tu, kesho tuongee.