Dada, upo na nani?

Nimeulizwa hivyo stendi Mbeya, nikaulizwa kwa mama ntilie Kyela, nikaulizwa tena mapokezi ya gesti Matema. Yule binti wa mapokezi hakuridhika na jibu la kwanza.

"Niko mwenyewe."

"Mwenzio anakuja baadaye?"

"Hakuna mwenzangu."

Akanisogezea daftari la wageni, lile lenye safu zake za siku zote: jina, kabila, utokako, uendako, kazi. Kwenye kazi nikaandika fundi cherehani. Akasoma, akanitazama, akasema, "Kumbe fundi. Basi sawa." Sijui ufundi ulimtoa wasiwasi gani, lakini ulimtoka, maana asubuhi yake alinigongea mlango akiwa na gauni la kitenge lililofumuka ubavuni. Nikamshonea kwa sindano ya mkono pale pale kibarazani. Sikumtoza. Kuna siku za kutoza na kuna siku za likizo.

Kazini natoza. Nina fremu Mwananyamala, vyerehani viwili na ovaloki, na sehemu kubwa ya riziki yangu inatokana na sare za sendofu na kichen pati. Napima viuno vya mashangazi huku wakiniuliza na mimi lini. Najibu "Mungu akipenda" huku nimebana pini mdomoni, na pini husaidia sana kufupisha mazungumzo. Aliyenifundisha kazi alikuwa mama mmoja mkali, na ukali wake mwingi ulikuwa kwenye bei. Alikuwa akituambia: ukishataja bei, nyamaza. Usianze kueleza uzi umepanda, usiseme "lakini tunaweza kuongea." Taja, kisha endelea kukunja kitambaa. Mteja akitaka kuongea ataongea yeye. Ule ukimya ni mgumu kuliko kukata kola. Nadhani kujiamini kwangu kote, kama ninako, kulianzia hapo, kwa kuvumilia kimya kifupi bila kukijaza na visingizio.

Ndiyo maana sikumwaga maelezo nyumbani nilipoamua kusafiri. Kodi ya fremu ya miezi sita nilishalipa, mchezo nilishatoa, kazi za wateja zilishachukuliwa. Nikasema naenda Ziwa Nyasa kupumzika. Kimya. Mama akauliza, "Kuna msiba?"

Hapo nikaelewa tatizo liko wapi. Watu husema mwanamke kusafiri peke yake ni mambo ya kizungu, na wanasahau waliyoyaona wenyewe. Nilipanda TAZARA, daraja la pili, chumba cha vitanda sita. Humo wanawake hulala kwao na wanaume kwao, isipokuwa mmelipia chumba kizima, na kwa msichana anayesafiri mwenyewe utaratibu huo ni neema. Reli ile imejengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, na kwa jinsi nilivyoona wenyeji wake ni akina mama. Aliyelala chini yangu alikuwa anapeleka vitenge na viatu Tunduma. Mwingine anafuata mchele. Mwingine alikuwa anakwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua, na amebeba ndoo ya dagaa kama mtoto mwingine wa kunyonyesha. Hakuna aliyeniuliza nipo na nani, kwa sababu kila mmoja alikuwa mwenyewe. Wanawake wa Kariakoo wanakwenda Guangzhou na Dubai na kurudi na mabelo, na hakuna anayeshtuka.

Kinachoshtua ni kusafiri bila mzigo. Ukienda kwenye biashara, msiba au uzazi, njia ni nyeupe. Ukisema unakwenda kutazama maji, lazima pawepo mwanaume mahali fulani, au umechanganyikiwa. Hata Bibi Titi Mohamed, yule mwenye barabara yake pale Mnazi Mmoja, aliyekuwa mwimbaji wa ngoma kabla ya kukabidhiwa uongozi wa akina mama wa TANU mwaka 1955, alizunguka majimboni akiwa amebeba kazi ya nchi nzima. Namheshimu mno. Ila nikifikiria safari zake najiuliza kama alipata hata siku moja ya kukaa tu mahali miguu ikiwa majini.

Mimi niliipata. Matema milima ya Livingstone inateremka hadi karibu inagusa ziwa, na maji ni maangavu, unaona kucha zako. Nilikaa. Siku ya kwanza mikono ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya, nikajikuta nakunja na kukunjua khanga. Chakula cha jioni peke yako pia kina ugumu wake, na anayesema hakina hajawahi kuletewa samaki mzima wa watu wawili huku meza nzima ya jirani inakutazama.

Jumamosi nikaenda gulio la Lyulilo, mwendo mfupi kutoka Matema, ambako vyungu vya Wakisi huletwa kutoka Ikombe kwa mitumbwi. Wanaofinyanga ni wanawake. Nikakichukua kimoja, nikakigonga kwa kucha kusikia sauti yake, nikauliza bei. Mama muuzaji akataja. Kisha akanyamaza, akaendelea kupanga majani makavu kati ya vyungu vyake. Nilicheka hadi akashtuka. Nikalipa bila kupunguziwa hata mia.

Wanaoniuliza kuhusu usalama, nina machache. Nafika mahali jua likiwa bado juu. Dada yangu anajua jina la gesti na namba ya chumba. Kwenye basi nakaa karibu na mama mwenye watoto, na bodaboda namuuliza bei nikiwa bado nimesimama chini. Woga haujaniisha na sitaki uniishe, ndio unaonifanya nikague kitasa. Najua pia kwamba mwenye watoto wawili na hana wa kumwachia hawezi kuamka tu akaenda Kyela, hata awe jasiri kuniliko.

Usiku wa mwisho mama akapiga. Nikajua sasa ndiyo yale ya "rudi nyumbani." Akauliza kama kweli mchele wa Kyela unanukia hata ukiwa mbichi, halafu akaagiza kilo ishirini. Mimi niliyekwenda bila mzigo nikarudi na kiroba, chungu, na ndizi nilizopewa na binti wa mapokezi.

Mchele ameshaupika, majirani wameusifu, na sasa anasema safari ijayo twende wote. Nampenda mama yangu. Nimemwambia tutaona.