Shajara Yangu Haina Maneno Mengi, Ina Sahani na Sabuni

Kwenye simu yangu kuna picha nyingi za sabuni moja. Ya kwanza ina kona zake zote na chapa inasomeka. Ya mwisho ni kijipande kilichopinda katikati, chembamba hadi ukingo wake unapitisha mwanga. Kila niliyemwonyesha alicheka. Lakini nikizipitia nakumbuka kipindi kile vizuri kuliko kwa picha za sherehe, kwa sababu nyuma ya sabuni unaonekana mswaki wa mgeni aliyekaa kwetu, na kuanzia picha fulani hauonekani tena.

Hiyo ndiyo shajara yangu. Ya maandishi ilikuwa inanishinda: jioni nimechoka, naandika "leo hakuna jipya" na kulala. Kamera haikubali jibu hilo, maana mezani hakukosi kitu.

Nilijiwekea masharti machache. Kwanza, sipangi. Kikombe kikiwa ukingoni mwa meza kinabaki ukingoni, makombo hayafutwi. Picha ya tangazo ina kazi yake, na ukishaanza kupamba sahani unaandika shajara ya mtu mwingine. Pili, chakula nakipiga katikati ya kula au baada ya kuliwa. Sahani iliyojaa inaonyesha kilichopikwa, basi. Iliyokwisha inaonyesha nani alipanga maganda ya yai pembeni kwa mstari, nani aliacha nusu simu ilipoita, na kwamba kijiko cha tatu hakikuguswa. Tena huwaweki wenzako njaa wakisubiri umalize kupiga, na hilo peke yake limeniepusha na manung'uniko mengi.

Moyo wa kuendelea nilipewa na wapiga picha wawili. Stephen Shore alizunguka Marekani mwaka 1972 akipiga kwa rangi vyakula alivyokula, vitanda alivyolalia, hata vyoo, wakati ambapo picha iliyohesabiwa kuwa sanaa kwa kawaida ilikuwa nyeusi na nyeupe. Josef Sudek wa Prague alipoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza, akaendelea na kazi kwa mkono mmoja. Kuanzia mwaka 1940, mji ukiwa umekaliwa na Wajerumani, aligeukia dirisha la studio yake na akalipiga kwa miaka mingi: umande kwenye kioo, glasi ya maji, ua moja. Baada ya kumsoma huyo sikuwa tena na sababu ya kulalamika kwamba nyumbani hakuna cha kupiga.

Na dirisha kweli ndilo fundi. Kabla ya kupiga nazima taa, kwa sababu balbu nyingi za nyumbani hutoa mwanga wa manjano na dirisha hutoa wa kibuluu. Simu ikivikuta vyote viwili haijui ifuate upi, na maziwa yanatoka na rangi ya kutu upande mmoja. Kisha nahama mimi, kitu kinabaki kilipo, mpaka mwanga uje kutoka ubavuni. Mwanga wa ubavuni huacha vivuli vidogo, na ni vivuli hivyo vinavyoonyesha mikwaruzo ya sufuria na nyuzi za taulo. Flashi ya simu huvifuta vyote. Sahani nyeupe mara nyingi hutoka ya kijivu, basi naigusa kwenye kioo cha simu na kuongeza mwanga kidogo. Lenzi ya kawaida ya simu huona eneo pana, hivyo ukisogea karibu sana ukingo wa mbele wa bakuli unavimba; narudi hatua moja, navuta picha mara mbili.

Kuna jambo ambalo ningemwambia yeyote anayeanza: angalia kilichoko nyuma ya kikombe. Bahasha yenye anwani, kadi ya benki, dawa za mtu wa nyumbani. Dawa hasa, kwa sababu mwenye nazo hakuombwa ruhusa. Nimeizuia pia kamera isirekodi mahali picha ilipopigwa, ila tarehe na saa naziacha zirekodiwe ndani ya faili. Nakala nazihamisha kwa waya hadi kwenye kompyuta, maana programu za kutuma ujumbe mara nyingi hubana picha na kufuta taarifa hizo, na shajara isiyo na tarehe ni rundo la picha tu.

Siku hiyohiyo naandika mstari mmoja wa kile ambacho picha haionyeshi. "Umeme ulikatika tukiwa tunakula." "Funguo hizi zilitafutwa asubuhi nzima." Mwisho wa mwezi nafuta zinazojirudia, bila huruma, na chache nazichapisha ziingie kwenye albamu. Maelezo nayaandika kwenye ukurasa, chini ya picha. Nyuma ya karatasi za picha za siku hizi kuna tabaka la plastiki ambalo penseli ya kawaida haishiki vizuri, na kalamu ya wino ukiikandamiza inaacha alama upande wa mbele.