Kolekole wanafuata chambo bandia halafu wanageuka: kilichosaidia

Hali ilikuwa hii: kwenye mahori (mikono ya bahari inayoingia nchi kavu) ya mikoko, upande wa magharibi wa Pemba, kolekole wadogo wanakifuata chambo cha bati mpaka karibu na miguu, kisha wanageuka. Kubadilisha rangi hakukusaidia. Chambo kikubwa zaidi kiliwafukuza kabisa.

Kwanza niliondoa waya uliounganisha mshipi na chambo, mahali pake nikafunga nailoni ya milimita 0.40, urefu wa mita moja hivi. (Mzia, samaki wenye meno makali, wakiwepo, waya urudi; nailoni wanaikata.) Chambo nikashusha hadi gramu 7. Ndoana ya meno matatu nikaitoa, nikaweka ya jino moja, maana ile inazoa majani, na chambo chenye jani hakiyumbi tena.

Mahali: mlango wa hori, maji yakianza kutoka. Samaki wadogo husukumwa nje, na kolekole huwangoja ukingoni mwa mkondo. Maji mafu (siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo) hayafai sana, mkondo ni dhaifu.

Rusha kukata mkondo, acha chambo kizame kidogo, vuta polepole. Kikianza kupinda kufuata maji, usizungushe rili kwa sekunde moja, mshipi ukiwa umekazwa. Wengi hukamata hapo hapo. Mshipi ukilegea, hutasikia kitu.